Kisu cha Pili

Tuwan,
Kitale.
Jumapili, 20 Agosti 2006.

Kwako Baba, Mzee Wakhungu,
Kanduyi, Bungoma.

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani. Habari ya huko, Baba? Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Agosti? Mahindi ya shamba la chini yamekomaa, au ile mvua ya mawe iliwafikia? Na watu wa kanisa hawajambo? Sisi huku tuko. Watoto wako likizo, wanakula kama nzige na wanakusalimu. Mke wangu, Wangu, ni mzima. Mimi si mzima, na hilo unalijua, kwa hivyo sitakuzungusha.

Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo ulivyotulea. Ulituambia hata kama unaenda kwa mtu na rungu mkononi, kwanza umuulize habari ya ng'ombe wake. Basi nimeuliza. Sasa keti, vaa miwani, usome hadi mwisho. Usimpe Hillary akusomee, maana humu kuna mambo ambayo hutataka mwanao mdogo ayatamke kwa sauti.

Mwandiko huu ni wa Wangu, maneno ni yangu. Najua ukiziona tu hizi herufi zake ndogo utasema, si nilisema, huyu mke wa Kikuyu ndiye anamwendesha. Sikiliza, Baba. Kalamu siwezi kuishika. Nikiishika inaanguka, nikiiokota inaanguka tena. Mimi Sifuna, niliyeshonea yunifomu nusu ya shule za Kitale, leo nafungwa vifungo vya shati na mtoto wa darasa la tatu. Tangu Pasaka sijaweza kutia uzi kwenye sindano. Cherehani nimeifunika gunia nisiione. Kwa hivyo Wangu anaandika, na mahali alipokataa neno kwa sababu ni kali mno, nimemlazimisha. Anaandika huku akinung'unika.

Barua yako aliyoileta Hillary nimeisoma. Umesema nisithubutu kupasuliwa shingo. Umesema mwanamume wa Kibukusu hupitiwa na kisu mara moja tu maishani, alfajiri, akiwa wima mbele ya watu, na kisu cha pili ni cha ng'ombe. Umeniamuru nirudi nyumbani mwezi huu huu, Mukhisa wa Hillary akitahiriwa, kwa kuwa wazee watakuwa wamekusanyika, nichinjiwe mbuzi na shingo ipakwe taka za tumbo lake, ndiyo laana ya mjomba wangu itoke. Ukamalizia kwamba nikilala kwenye hicho kitanda cha hospitali nisikanyage kwako tena, na nikifia huko ni shauri yangu na ya mke wangu. Halafu chini kabisa ukaniandikia ati nisiache kusali. Wangu alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka, nikicheka shingo inaniadhibu.

Baba, shingo hii imeniuma tangu nikiwa kijana. Wewe unajua, lakini pia hujui, maana kila nilipoanza kukueleza, sentensi uliimaliza wewe. Hujui kwamba kuna usiku nalala nimeketi, nimeegemea ukuta kama gunia la mahindi. Hujui kwamba nimeshona miaka yote hii nikiwa nimeinamisha kichwa upande mmoja, mpaka wateja wakanipachika jina la Fundi Shingo. Zahanati nilizozipitia siwezi kuzitaja zote. Hapa waliniambia ni malaria, pale wakasema taifodi, kwingine nikapewa Panadol na kuambiwa nibadilishe mto. Bwana mmoja wa koti jeupe aliniangalia, wala hakunigusa, akasema ati nina mawazo mengi, niyapunguze. Nikamuuliza niyapunguzie wapi. Akamwita mgonjwa mwingine.

Hao nawasamehe. Hawakunijua na hawakuwa na mashine. Wewe ulinijua. Na wewe kila mwaka ulikuwa na jibu moja tu: ni nyama ya mjomba Khaemba. Mkono ukifa ganzi, nyama ya Khaemba. Kichwa kikiniuma nisione mbele, nyama ya Khaemba. Ulinichanja chale shingoni kwa wembe na alama ninazo hadi leo. Ulinizungushia jogoo mweupe kichwani, kisha Jumapili ukasimama kanisani na kutuhubiria kuhusu watu wanaoabudu sanamu. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma nikinuka manyoya.

Na Suam, umeisahau? Ulinipeleka mwenyewe, tukavuka upande wa Uganda kwa yule mzee wa kuvuta mifupa. Akaniketisha kwenye kigoda, akakishika kichwa changu na kukizungusha kama anayefungua chupa. Kitu kikalia ndani. Ukafurahi, ukasema laana inatoka hiyo, umeisikia? Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto haujawahi kupata joto.

Wangu nilipomwoa aliniuliza hii nyama ninayosingiziwa ni nyama gani. Kwao hawana. Nikamweleza kama nilivyofundishwa, kwamba kijana wetu akikaribia kutahiriwa huenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama, naye mjomba humchinjia ng'ombe na kumvisha shingoni nyama ya kidari, tunaiita luliki. Anarudi kwao nayo shingoni, damu ikimtiririka kifuani, watu wakimwimbia. Mjomba akiivisha kwa moyo mweupe, ni baraka. Akiivisha kwa kinyongo, hivyo ndivyo ulivyotuambia wewe, kijana atakibeba kinyongo hicho shingoni hadi kaburini. Wangu akasema kwao mtu akiumwa shingo hupigwa eksirei. Uliposikia amesema hivyo ulimwita mpumbavu mbele ya wageni. Basi leo mpumbavu ndiye ananiandikia.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Nikiinamisha kichwa kutazama kitambaa, umeme unanishuka mgongoni hadi nyayoni. Umeme kabisa, si maneno ya kutia chumvi. Halafu miguu ikaanza kunikataa. Mwezi wa tano nilianguka sokoni mchana kweupe katikati ya wauza nyanya, na watu wakadhani nimelewa, mimi ambaye pombe siijui. Mama mmoja akaniambia niende nikalale nisiwaharibie biashara. Na kuna jingine ambalo Wangu hataki niliandike. Andika, Wangu. Haja ndogo imeanza kunitoroka, Baba. Nina miaka thelathini na minne, na natandikiwa plastiki kitandani kama mtoto mchanga.

Ndipo Wangu alipokataa kusikiliza mtu yeyote, mimi nikiwa mmoja wao, akanipeleka Eldoret. Tukamkuta daktari mmoja anaitwa Chepkorir, mama mfupi, mkali, hana muda wa porojo. Alinigonga magoti kwa kinyundo, miguu ikaruka yenyewe. Akaniambia nifunge na kufungua ngumi haraka haraka, nikashindwa. Akaacha kuandika. Akaagiza nipigwe picha kwenye ile mashine kubwa ambayo unaingizwa ndani kama mkate kwenye tanuri, ukiambiwa usipumue ovyo. Picha zilipotoka alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni lini nilivunjika shingo.

Nikamwambia sijawahi kuvunjika shingo. Akasema nimewahi. Akanionyesha. Kuna mfupa shingoni uliopasuka zamani sana ukajiunga vibaya, upande. Miaka yote umekuwa ukisagana na wenzake, na sasa kile kipande laini kinachokaa katikati ya mifupa kimehama, kimekandamiza ule mshipa mkuu wa neva unaoteremka ndani ya uti wa mgongo. Ndiyo sababu mikono na miguu inakatiwa habari. Alisema nikikaa hivi, kwanza nitakuwa wa kiti cha magurudumu, kisha wa kitanda, kisha nitashindwa hata kupumua. Akasema atakuja mwenzake kutoka Nairobi, bingwa wa shingo, wapite mbele hapa kando ya koo, watoe hicho kipande, wachukue mfupa kidogo nyongani kwangu waupachike mahali pake. Nikamwambia, yaani kiraka. Akasema ndiyo, kiraka. Hilo nililielewa kuliko mengine yote. Hakunificha kwamba naweza nisiamke, au nikaamka na nisiinue hata kidole. Lakini bila hiyo kazi, alisema, mwisho naujua tayari.

Akarudi kwenye swali lake. Mfupa wa namna hii haupasuki ukiwa umelala, akasema, nifikirie vizuri. Basi nikamweleza habari za mwaka wa themanini na sita, kama ninavyozikumbuka. Nilikuwa natoka Sang'alo kwa mjomba, Khocha Khaemba, luliki shingoni. Khocha alipokuwa akinivisha alisema maneno mbele ya watu wote. Alisema: "Mwambie baba yako dada yangu si ngoma." Kila mtu pale alijua maana yake, kwa sababu kila mtu alijua jinsi ulivyokuwa ukimpiga Mama wakati huo. Na vijana walionisindikiza, unawajua vijana wa msimu wa tohara, hawachelewi. Kabla hatujafika mtoni maneno yale yalikuwa yamekuwa wimbo. Wakauimba njia nzima, njuga zikilia: dada si ngoma, dada si ngoma. Tukafika nao hadi langoni kwako, jua likielekea kuzama, vumbi tupu, watu wamejaa, pombe ya busaa iko mtungini, wazee wameshika mirija.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika. Nilihisi kitu kimenivuta koo kwa nyuma, nikaona mbingu, kisogo kikagonga lile gogo la lango. Nilipopata fahamu nilikuwa nyumbani kwa nyanya, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni ukiwatangazia watu kwamba nyama ya Khaemba imenitupa chini, ameivisha kwa kinyongo, mmejionea wenyewe. Alfajiri nilipelekwa mtoni, nikapakwa tope, nikasimama, nikakatwa bila kupepesa jicho. Watu walinisifu. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba kisu sikukisikia kwa sababu shingo ilikuwa inauma zaidi.

Daktari alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kwao pia wanatahiri, na mila anaziheshimu, lakini nyama haina mikono. Nilirudi Kitale na maneno hayo kichwani na sikujua pa kuyaweka.

Sasa, Baba, tumefika.

Unadhani Mama yuko Suam kwa dada yangu Nasambu. Ulimruhusu mwenyewe aende kumsaidia kulea. Nasambu amejifungua kweli, msichana, na jirani zake wanamsaidia vizuri. Lakini Mama hakufika Suam. Alishuka Kitale, akauliza njia hadi Tuwan, akanikuta nimekalia ndoo nje nikiota jua. Aliponiona ninavyoinuka, nikishika ukuta, alitua mzigo wake chini akakaa juu yake.

Aliomba aone hiyo picha aliyoisikia kwa Hillary. Wangu akaishika dirishani. Mama hajui kusoma, lakini amechinja kuku na kukata nyama maisha yake yote, mfupa anaujua. Alipaangalia pale daktari alipotia alama kwa kalamu, akauliza kama huo ufa ni wa zamani. Wangu akamwambia ndiyo, wa zamani sana, wa utotoni. Mama akaondoa macho kwenye picha, akanitazama mimi.

"Sifuna," akasema, "si nyama iliyokuangusha. Ni baba yako. Alitoka nyuma ya ua, akaishika luliki kwa nyuma, akakuvuta nayo kama mtu anayevuta ndama."

Alikuwa amesimama karibu na ghala. Aliona yote. Aliona ulivyokuwa umeacha mrija ulipousikia ule wimbo, ulivyozunguka nyuma ya ua wa jikoni, ulivyongoja vijana wa mbele wapite. Anasema si yeye peke yake aliyeona. Wazee wawili waliona pia, wakanyamaza, kwa sababu busaa yako ilikuwa haijaisha mtungini.

Nilimkasirikia yeye kwanza, nisikudanganye. Nilimuuliza vipi mama mzazi aangalie mwanawe akichanjwa nyembe kwa kosa ambalo halipo, anyamaze miaka ishirini. Akasema usiku ule angefungua mdomo, wangesema kijana amekutana na ugomvi wa baba akiwa na luliki shingoni, tohara isimamishwe, nami ningerudishwa nyumbani mbele ya rika langu na kuitwa mwoga maisha yangu yote. Akaamua kungoja kupambazuke. Kulipopambazuka, wewe ulikuwa umeshawaambia watu wote ni Khaemba. Baada ya hapo, kila alipotaka kusema, aliona mkono wako. Halafu ukaokoka, ukaacha pombe, ukaacha na kumpiga, ukawa mzee wa kanisa, na akaogopa kukirudisha kile ambacho alikuwa amemwomba Mungu akiondoe. Alifikiri shingo itapona yenyewe. Alilia sana. Wangu akampikia chai, mimi nikajikokota nje nikakaa peke yangu.

Baba, nina hasira. Naiandika hivyo hivyo, haina nguo. Sidhani ulikusudia kunivunja. Ulikuwa umelewa na ulikuwa umeaibishwa na wimbo mbele ya wageni wako. Hilo peke yake ningelimeza, maana na mimi nina watoto na nina mikono. Lakini kesho yake uliamka ukiwa na akili zako zote, ukaniona siwezi kugeuza shingo, ukachukua mkono wako ukamvalisha mtu mwingine. Na hukutosheka. Uliupalilia uongo huo mwaka baada ya mwaka kama shamba lako mwenyewe. Ulimkataza Mama kukanyaga Sang'alo, ati asiniletee laana zaidi. Mama yake alipofariki ulimruhusu afike hadi barabarani tu, akamlilia mama yake akiwa amesimama kando ya barabara, magari yakimpita. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na nilikuwa naamini uko sawa.

Na ulinipenda, hilo ndilo linanitia wazimu. Cherehani yangu ya kwanza uliinunua wewe. Uliibeba kwa baiskeli kutoka mjini Bungoma hadi nyumbani, ukaipaka mafuta mwenyewe. Uliniambia kazi ya kukaa itanifaa kwa sababu ya shingo. Sasa najiuliza ulikuwa ukiniangalia namna gani siku hiyo. Kila uliponipeleka kwa mganga, ulikuwa ukitafuta dawa, au ulikuwa ukitafuta shahidi? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe maradhi yako uliyaficha ndani yangu.

Juzi shemeji yangu Kiarie alituchukua kwa pikapu yake, mimi na Mama na Wangu, tukaenda Sang'alo. Ndiyo, Sang'alo. Tulipita hapo Kanduyi bila kusimama. Khocha Khaemba amezeeka sana, anatembea kwa fimbo mbili, jicho moja limefunga. Mama alishuka garini akashindwa kusogea. Yeye ndiye aliyemfuata, polepole, na zile fimbo zake. Hakumwuliza alikuwa wapi. Alimwambia chumba cha mama yao bado kina kitanda.

Kisha akanigeukia akauliza kama shingo bado inaniuma usiku. Baba, huyo ni mtu wa kwanza katika ukoo mzima kuniuliza hivyo. Mama akamwambia yote aliyoyaona langoni. Khocha akasema amekuwa akijiuliza miaka yote hii kama kweli moyo wake ulikuwa na kinyongo siku ile bila yeye kujua. Alikuwa ameanza kukuamini. Umemfanya mtu mwema ajiogope, hadi uzeeni. Sijui utalijibu vipi hilo mbele ya Mungu wako wa Jumapili.

Akaomba kikombe cha maji. Akanivua skafu, akajaza maji mdomoni, akanipulizia shingoni mbele na nyuma, kama wanavyobariki wazee.

"Nilikuvisha ile nyama kwa moyo mmoja," akasema. "Nenda ukatwe."

Kwa hivyo naenda kukatwa. Ni Alhamisi hii, Eldoret, asubuhi. Mafundi wenzangu wa mtaani wamechanga na kanisa la Wangu limechanga, wewe hakuna unachoombwa. Umeniambia mwanamume hupitiwa na kisu mara moja. Mimi cha kwanza nilikisimamia nikiwa na shingo iliyovunjika, na aliyeivunja alikuwa kwenye umati akinishangilia. Cha pili nitakilalia, na sitamwonea mtu aibu. Mbuzi wako mrudishe zizini.

Kuhusu laana yako, ya kwamba nisikanyage kwako. Nimeipokea, nimeiweka mezani karibu na maji ya Khocha, na nimeona ipi ina nguvu.

Kuhusu Mukhisa. Naye ataenda kwa wajomba zake, na ataletwa nyumbani na luliki shingoni. Nimempigia Hillary simu nikamwambia mtoto asifike langoni mpaka yeye mwenyewe akuone umeketi, mbele, mikono yako ikionekana. Aliniuliza kwa nini. Nimemwambia akuulize wewe. Atakuwa ameshakuuliza barua hii ikifika.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niandike. Uliandika kwamba nikifia huko ni shauri yangu. Nimelikubali. Nimemuuliza Mama, mbele ya Wangu na mbele ya Khocha, nisipoamka nizikwe wapi. Nilidhani atasema hapo nyumbani, kwa kuwa ndiyo desturi na yeye ni mtu wa desturi. Amesema Sang'alo, kando ya mama yake. Khocha ameonyesha mahali. Wangu amekubali. Najua maana yake, Baba, usidhani sijui. Mzaliwa wa kwanza wa Wakhungu azikwe kwa wajomba, na baba yake yu hai na ana shamba. Watu watauliza, hadi wajukuu wa wajukuu watauliza, na Mama amesema safari hii atawajibu.

Na nikiamka, mara tu nitakapoweza kusimama, nitakuja Kanduyi. Nitakuja mchana, siku ya mkutano wa kanisa, na haya yote nitayasema kwa mdomo wangu, mmoja wa wale wazee wawili akiwa ameketi pale. Huyo bado yuko hai, Mama amenitajia jina lake.

Hizo ndizo njia mbili zilizopo. Alhamisi asubuhi utapiga magoti, nakujua, utapiga. Fikiri vizuri kabla hujafumba macho unaniombea ipi.

Wasalimie majirani wote na uwaambie nawakumbuka. Watoto wanasema hawajambo. Wangu, ambaye mkono wake umechoka, anakusalimu kwa heshima zote anazokudai. Mama yuko hapa kando yangu, anachambua mboga. Nimemuuliza kama ana salamu zako. Amesema niifunge barua kwanza, yeye bado anafikiri.

Ni mimi mwanao,

Sifuna Wakhungu.

(Sahihi nimetia mwenyewe. Ndiyo sababu imepinda.)